Dragon au White Dwarf: jarida lipi la zamani uanze nalo?

Kama umecheza Baldur's Gate 3, ule mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2023, basi unamjua Lae'zel: mpiganaji mwenye ngozi ya kimanjano, ulimi mkali, asiyependa kusubiri mtu. Watu wa kabila lake, githyanki, hawakubuniwa ofisini na timu ya wataalamu. Aliwabuni mvulana wa Kiingereza, Charles Stross, akawapa jina alilolitoa katika riwaya ya George R. R. Martin, na jarida la White Dwarf likawachapisha katika toleo lake la 12, mwaka 1979. Stross alikuwa hajafikisha miaka 15. Mji wenyewe wa Baldur's Gate uko katika ulimwengu uitwao Forgotten Realms, ambao ni kazi ya Ed Greenwood, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi maktaba. Naye makala yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo wa 1979, katika jarida la Dragon.

Majarida mawili, mwaka mmoja, na zaidi ya miaka 40 baadaye watoto wao wanakutana kwenye skrini moja. Rafiki zangu wanaoanza kuendesha, kama wasimulizi, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambao Baldur's Gate 3 imejengwa juu yake, Dungeons & Dragons wakilisikia hili huniuliza: mimi nikitaka kurudi nyuma nisome, nianze na lipi? Wana muda wa jarida moja tu. Wengi wana kazi, wana watoto, na wana wachezaji wanne au watano wanaosubiri Jumamosi.

Jibu langu nalitoa mapema ili usilitafute chini. Kwa mtu wa namna hiyo, namwambia aanze na White Dwarf, yale matoleo ya zamani kabla ya la 100, na hasa kuanzia la 9 hadi hamsini na kitu. Mimi mwenyewe Dragon ndilo ninalolipenda zaidi. Lakini kupenda jarida ni jambo moja, na kulihitaji Ijumaa usiku wakati ramani ya kesho bado haijachorwa ni jambo jingine kabisa.

Nyumba ya mwenye mchezo, duka la muuzaji

Ukijua kila jarida lilizaliwa nyumba gani, karibu kila tofauti kati yake inajieleza.

Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka mwaka 1974 chini ya kampuni ya TSR, katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, Marekani. Mwaka uliofuata TSR walianzisha kijarida kiitwacho The Strategic Review. Kilitoka mara saba, kisha Juni 1976 kikapisha jarida kamili, The Dragon, chini ya mhariri Tim Kask. Kwa hiyo Dragon ni sauti ya mwenye mali. Aliyeandika sheria za mchezo ndiye aliyekuwa akiandika humo safu ya kuzitetea, kuzipanua na wakati mwingine kuwakemea waliozibadilisha.

London hali ilikuwa nyingine. Games Workshop ilianzishwa mwaka 1975 na vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. Walikuwa wakitoa kijarida kidogo, Owl and Weasel, wakapata haki ya kuiuza D&D upande wao wa bahari, na katikati ya 1977 wakatoa White Dwarf, Livingstone akiwa mhariri. Hawa mchezo haukuwa wao, walikuwa wauzaji. Na muuzaji mwenye akili hakuonyeshi bidhaa moja tu, hukutembeza rafu zote. Ndiyo maana ukifungua White Dwarf la mwanzoni mwa miaka ya 80 utakuta D&D imekaa bega kwa bega na Traveller ya safari za anga, RuneQuest, na baadaye Call of Cthulhu. Dragon nalo liligusa michezo mingine, hata likawa na sehemu maalumu ya hadithi za kisayansi katikati ya miaka ya 80, lakini moyo wake ulikuwa nyumbani.

Hii ina maana gani kwako? Kama meza yako inacheza D&D peke yake na hamna mpango wa kuhama, Dragon litakupa kina ambacho White Dwarf halina. Kama kundi lako linapenda kuonja, mwezi huu mapanga na mwezi ujao vyombo vya anga, White Dwarf litakufaa zaidi.

Sheria

Hapa nitapita haraka. Sehemu kubwa ya Dragon la zamani ni sheria: namna mpya ya kuhesabu mapigo, aina mpya ya mpiganaji, hoja ndefu kuhusu uzito wa silaha, barua za kupinga hoja hiyo, na majibu ya barua. Safu ya maswali na majibu, Sage Advice, ilianza mwaka 1979 mikononi mwa Jean Wells, na ni ya thamani kubwa kwa anayetaka kujua watu wa wakati ule walikuwa wakicheza vipi hasa. Maswali ya wachezaji ni historia ambayo vitabu vya sheria haviwezi kukupa.

Lakini kwa anayecheza toleo la leo la mchezo wenyewe, nyingi ya sheria hizo zimekwisha kazi. Mfano mdogo tu: katika sheria za zamani kinga ya mhusika ilihesabiwa kinyume, namba ndogo ndiyo ilikuwa bora, na utaratibu huo ukageuzwa mwaka 2000. Kila ukisoma jedwali la mwaka 1981 inabidi ugeuze kichwani. White Dwarf nalo lina shida hiyohiyo, ila kwa kuwa sheria humo ni chache, unapoteza kidogo.

Mazimwi

Hapa ndipo ningekaa mchana kutwa.

White Dwarf lilikuwa na safu iitwayo Fiend Factory, iliyoanza toleo la 6 ikisimamiwa na Don Turnbull. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi: msomaji anabuni zimwi, anatuma, wahariri wanachagua, linachapishwa likiwa na namba zake za mchezo, aya chache za maelezo, na mchoro ukipatikana. Kurasa mbili tatu zinatosha mazimwi matano. Mengine ni ya ajabu kiasi kwamba huoni utayatumia wapi. Mengine, kama githyanki, yalikuwa mazuri mno hivi kwamba TSR wenyewe waliyakusanya pamoja na mengine mapya katika kitabu, Fiend Folio, mwaka 1981, na Turnbull akawa ndiye mhariri. Kitabuni humo Stross yumo pia na slaad, wale viumbe wa vurugu wenye umbo la chura, na death knight, yule shujaa aliyekufa akakataa kulala kaburini. Fikiria hilo. Sehemu ya urithi wa mchezo wa Marekani ilitoka kwa wasomaji wa Uingereza, wengine bado wanafunzi, kupitia jarida la duka.

Dragon lilichukua njia nyingine. Aprili 1983, katika toleo la 72, lilichapisha makala ya Chris Elliott na Richard Edwards kuhusu piercer. Kama humjui, piercer ni kiumbe anayening'inia kwenye dari ya pango akionekana kama jiwe lililochongoka, kisha anakuangukia kichwani. Katika vitabu vya sheria alikuwa na mistari michache tu, na wachezaji wengi walimwona ni hila ya msimulizi ya kuwaadhibu wasiotazama juu. Makala ile ikauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza kwa uzito. Huyu ni mnyama gani? Anakula nini? Akianguka akakosa, anarudije juu? Jibu likawa kwamba ni jamaa ya konokono, na kwamba safari ya kurudi darini kwake ni ndefu na ya taabu. Kuanzia hapo mfululizo wa makala za namna hiyo, kila moja ikimchukua kiumbe mmoja na kumweleza maisha yake, ukawa alama ya Dragon kwa miaka mingi. Greenwood aliandika kadhaa.

Ukiziweka safu hizi mbili sambamba unaona kila moja inakupa kitu tofauti kabisa. Fiend Factory inakupa kiumbe mpya wa kumtoa mfukoni leo usiku. Makala za Dragon hazikupi kiumbe mpya, zinakufanya umtazame upya yule uliye naye tayari. Mimi baada ya kuisoma ile ya piercer sikuwahi tena kumweka kama mtego wa bure. Ninaweka kwanza mifupa ya popo sakafuni, na utando wa ute uliokauka ukutani, njia ya yule aliyekosa mara ya mwisho akipanda polepole kurudi. Mchezaji makini anaona ute, anauliza, anatazama juu. Mchezaji mwenye haraka anajifunza. Hilo ni deni langu kwa Dragon, na sidhani nitalimaliza kulilipa.

Lakini angalia: nilimfaidi piercer kwa sababu nilikuwa nimeshaendesha mchezo muda mrefu. Anayeanza hana shida ya kuwaelewa mazimwi wa zamani kwa undani. Shida yake ni kwamba wachezaji wake wamesoma kitabu cha mazimwi kumshinda, wanajua nani anaogopa moto na nani haguswi na chuma cha kawaida. Anahitaji kiumbe ambaye hakuna mezani anayemjua. Kwa huyo, Fiend Factory ni dawa.

Kuna safu nyingine ya Dragon ambayo nisiposema nitakuwa sijalitendea haki. Mwaka 1982 Greenwood alianza Pages from the Mages, makala kuhusu vitabu vya uchawi. Badala ya kusema tu kuna kitabu chenye nguvu hizi na hizi, alieleza kitabu kinaonekanaje, nani alikiandika, kilipotea wapi, nani alidai kukiona, na ushahidi gani unapingana na mwingine, mengi akiyaweka kinywani mwa mhusika aliyembuni, mchawi mzee Elminster. Hapo ndipo wasomaji walipoanza kuiona Forgotten Realms vipande vipande, miaka kadhaa kabla TSR hawajaitoa kama kitu kamili mwaka 1987. Ukitaka kujifunza namna ya kujenga ulimwengu bila kumchosha msikilizaji, somo ni hilo: usimpe mtu historia ya nchi, mpe kitu kimoja kilichopita mikono mingi, naye atauliza habari za hiyo mikono.

Visa vya kuchezwa

Hapa White Dwarf linashinda, tena kwa mbali, na hii ndiyo sababu kuu ya jibu langu.

Kila msimulizi anajua njaa hii. Una wachezaji, una dadu, una sheria. Huna kisa. White Dwarf lilikuwa likitoa visa vifupi, kurasa chache, vyenye ramani, vinavyomalizika kwa usiku mmoja au miwili. Toleo la 9, la mwaka 1978, lina The Lichway ya Albie Fiore. Ni maziara ya kale chini ya ardhi, kwa wahusika wachanga, na ndani yake kuna jambo moja lililonifunza kuliko vitabu vingi. Kuna kiumbe aitwaye susurrus, anayetoa mlio usiokwisha, kama upepo ndani ya mwanzi. Mlio huo ndio unaowatuliza wafu waliolala humo. Wachezaji wakiingia wanausikia tangu mbali, unawakera, unawatia hofu, na wakimwona kiumbe mwenyewe wanadhani wamempata adui. Wakimuua, mlio unakatika, na wafu wanaamka.

Meza yangu ilimuua. Tulikuwa tunacheza kwa Kiswahili kama kawaida yetu, na kwa saa nzima nilikuwa nikitoa mlio ule kwa pumzi, chinichini, kila walipofungua mlango. Upanga ulipoingia nikanyamaza. Sikusema lolote. Walikaa kimya muda wa kuhesabu hadi tano, kisha dada mmoja, mchezaji wetu mzoefu, akasema taratibu: "Jamani, tumefanya nini?" Sijapata tena ukimya wa namna ile. Na hakuna namba hata moja ya mwaka 1978 niliyoihitaji. Niliwachukua wafu wa kitabu changu cha sasa, nikaacha ramani na mlio kama vilivyo.

Fiore aliandika pia The Halls of Tizun Thane katika toleo la 18, jumba la mchawi aliyeuawa, na wapo wanaoiweka juu ya The Lichway. Halafu kuna Irilian ya Daniel Collerton, iliyoendelea toleo la 42 hadi la 47 mwaka 1983: mji mzima, mtaa kwa mtaa, ukitolewa sehemu baada ya sehemu huku kisa kikisonga ndani yake. Kama mna mpango wa kucheza mjini miezi kadhaa, sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ndani ya jarida.

Dragon halikukosa visa. Toleo la 83, Machi 1984, lina kile cha kibanda cha Baba Yaga, cha Roger E. Moore, na ni kizuri. Lakini visa humo huja kwa kubahatisha, na TSR walilijua pengo hilo, kwani mwaka 1986 walianzisha jarida la pembeni, Dungeon, la visa vitupu, Moore akiwa mhariri. Sasa kama swali lako halikuwa "Dragon au White Dwarf" bali ni "nipate wapi kampeni ndefu (mlolongo wa visa vinavyofuatana) iliyopangwa mwanzo hadi mwisho", basi acha yote mawili, nenda Dungeon la mwaka 2003 hadi 2007. Humo mna kampeni tatu kubwa, Shackled City, Age of Worms na Savage Tide, kila moja ikimchukua mhusika asiye na jina hadi kuwa mtu wa kuimbwa. Jarida hilo lilifikia toleo la 150. Ni chaguo zuri sana kwa mwenye mwaka mzima na kundi lisilotoroka.

Katuni, picha, na mengineyo

Picha za jalada za Dragon ni bora. Sioni haja ya kubishana. Wachoraji kama Larry Elmore na Clyde Caldwell walilipa jarida lile sura ambayo hata leo mtu akisema joka, ndiyo hiyo inayonijia.

Katuni ni ugomvi mzito zaidi. White Dwarf lilikuwa na Thrud wa Carl Critchlow, jitu la misuli lenye kichwa kidogo kuliko ngumi yake, na kusema kweli linachekesha hadi leo. Dragon lilikuwa na nyingi, na miongoni mwake ilikuwapo Wormy ya Dave Trampier: joka anayevuta sigara na kucheza biliadi, aliyechorwa kwa rangi na uangalifu ambao huukuti kirahisi kwenye katuni za jarida. Hadithi ilikuwa inaendelea, wahusika wako njiani, na mwaka 1988 ikakatika katikati. Trampier aliacha kuchora, akatoweka katika ulimwengu wa michezo. Miaka mingi baadaye ilijulikana kwamba alikuwa dereva wa teksi huko Carbondale, Illinois. Alifariki mwaka 2014, na Wormy haikumaliziwa. Nakuonya mapema kwa sababu ukianza kuisoma utaumia kama nilivyoumia.

Kwa uhakiki wa bidhaa, White Dwarf ndilo la kusoma. Safu ya Open Box iliupa kila mchezo alama kati ya kumi, na kuanzia 1983 Dave Langford alihakiki vitabu kwa kalamu kali yenye kuchekesha. Kumbuka tu kwamba jarida ni la duka, na duka lina vitu vya kuuza.

Miaka ya kukwepa

Mtu akikuambia "soma White Dwarf" bila kutaja namba, amekupoteza. Jarida hilo bado linatoka hadi leo, lakini si lile. Games Workshop walitoa Warhammer, mchezo wao wa vita wa sanamu ndogo, mwaka 1983. Muuzaji akawa na mchezo wake mwenyewe, shughuli zikahamia Nottingham, na rafu za wengine zikaanza kuondolewa moja moja. Kufikia toleo la 100, mwaka 1988, jarida lilikuwa limegeuka kuwa la bidhaa za nyumbani, na sanamu ndogo za kupaka rangi zikachukua nafasi ya visa. Kwa wapenzi wa Warhammer hiyo ni neema. Kwa anayetafuta visa vya D&D, hakuna kitu huko. Hivyo angalia namba ya toleo kabla hujatoa hela.

Dragon halikugeuka ghafla namna hiyo. Gygax aliondoshwa kwenye uongozi wa TSR mwaka 1985, na sauti yake ikapotea humo. Wengine wanasema jarida lilipoa. Mimi sikubaliani. Miaka ya Kim Mohan na ya Roger E. Moore kama wahariri, takriban yote ya 80, ndiyo ninayoirudia zaidi, kwa sababu sauti ya mtu mmoja ilipopungua, sauti za wasomaji ziliongezeka. Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997, kampuni ya Paizo ikalichukua jarida mwaka 2002, na toleo la mwisho la karatasi, la 359, likatoka Septemba 2007. Matoleo ya Paizo ni safi na yenye mpangilio, ila yamefungamana sana na sheria za toleo la tatu la mchezo, lile la mwaka 2000. Usianzie hapo.

Kuyapata na kuyasoma

Matoleo halisi ya karatasi yanauzwa kwa mkono wa pili Marekani na Uingereza, na gharama ya kuyasafirisha hadi Afrika Mashariki inaweza kuishinda bei ya jarida lenyewe. Ukiwa na ndugu anayerudi likizo kutoka London, mwagize White Dwarf: la mwanzoni ni jembamba, kumi hivi haziongezi uzito wa begi. Dragon la katikati ya miaka ya 80 lina kurasa karibu mia moja kwa toleo. Kumi ni mzigo.

Kwa upande mwingine, Dragon lina kitu ambacho White Dwarf halina. Mwaka 1999 ilitolewa seti ya sidi yenye matoleo 250 ya kwanza pamoja na yote saba ya The Strategic Review. Kama unaipata, na una kompyuta yenye mahali pa kuiingiza, umepata maktaba nzima kwa mkupuo. Ikikushinda, majarida yote mawili yalitoa vitabu vya makala teule, na kile cha visa vya White Dwarf ndicho ningekitafuta kwanza kabisa.

Lugha nayo uifikirie. Kiingereza cha Gygax ni kizito, kimejaa maneno ya kizamani ambayo hata Waingereza huyatafuta kwenye kamusi, na ukiwa unatafsiri kichwani mbele ya wachezaji utakwama. White Dwarf limeandikwa kwa wepesi zaidi, ingawa mizaha yake ni ya Uingereza ya wakati ule na mingine itakupita. Na kama uko Bukavu au Bujumbura na Kifaransa ndicho kinachokutoka bila kufikiri, hakuna sababu ya kujitesa na haya mawili: Wafaransa wanalo Casus Belli, lililoanza mwaka 1980, na utamaduni wao wa michezo hii una ladha yake.

Basi, kwa yule wa Jumamosi. Chukua The Lichway, isome mara mbili, futa namba zote, weka za kitabu chako. Fanya mazoezi ya ule mlio ukiwa peke yako chumbani hadi uweze kuushikilia bila kuchoka. Wiki mbili baadaye wape githyanki, lakini usiwaambie jina, maana aliyecheza Baldur's Gate 3 atawatambua na mshangao utaisha. Kisha, wachezaji wakishakuwa wamezoea na wewe umepata usiku mmoja wa kupumzika, fungua Dragon la 72 kwenye ukurasa wa piercer.